Mgonjwa Hanyongwi

Fundi alipoharisha kwa mara ya tatu, Mkuu wa gereza aliacha kumwita daktari, akaita mpelelezi.

Mpelelezi mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa na viatu visivyopiga kelele. Kituoni kwao walimbatiza jina la Bi Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mwizi alimwacha akimbie apendavyo, kisha akamkuta kwao anakula chakula cha jioni.

Mkuu alimkaribisha ofisini, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Afande, kuna mtu ananichezea gerezani kwangu," alianza. "Nina mfungwa mmoja wa kunyongwa. Tunamwita Fundi, alikuwa mchomeleaji vyuma. Kila karatasi ya kunyongwa inapokuja tukamsomea, keshoye tumbo linamwaga. Na sheria haitaki utani: mgonjwa hanyongwi. Mtu apande pale juu akiwa mzima, anajua anakokwenda, anatembea kwa miguu yake."

"Kwa hiyo mnamponya kwanza."

"Tunamponya kwanza."

"Halafu?"

Mkuu alikohoa. "Halafu ndiyo hivyo."

Bi Taratibu alitoa kalamu, hakuandika kitu. "Nieleze mnavyomtunza."

Hapo Mkuu alichangamka, maana alikuwa mtu anayejivunia kazi yake. Alieleza kwamba kuanzia siku karatasi inaposomwa, Fundi anapimwa uzito kila asubuhi, kwa kuwa urefu wa kamba unafuata uzito wa mtu. Kamba ikipungua, mtu anateseka. Ikizidi, heri usiulize. Mfungwa akikonda ghafla, hesabu yote imeharibika. Ndiyo sababu anapewa chakula ambacho hata askari hawakioni: yai, mkate, nyama, maziwa.

"Kwangu hapa hakuna anayeteseka," alimalizia. "Ni mara moja tu, kama kuzima taa."

"Nani kasema ni kama kuzima taa?"

"Wataalamu."

"Kuna aliyerudi akawaambia?"

Mkuu alimtazama kuona kama anatania. Uso wa Bi Taratibu ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Mimi nataka jina, afande," Mkuu alisema. "Karatasi mpya imeshakuja. Nikishajua nani anamharibu, namwondoa, Fundi anapona, na kazi inafanyika Ijumaa. Wakubwa wananipigia simu mpaka sikio linauma."

"Nikikupa jina, basi, watu wawili wanaondoka. Mmoja jela, mmoja kaburini."

"Wewe nipe jina. Hayo mengine yana wenyewe." Akainama mezani, akanong'ona. "Anza na daktari. Huyo alisema mbele ya askari wangu kwamba kazi hii haitaki."

*

Daktari wa gereza alikuwa kijana mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, kabati la dawa lililo wazi kwa kukosa cha kufungia, na mzani mkubwa wa chuma karibu na mlango.

"Wewe ndiye uliyetumwa kunifunga?" aliuliza.

"Bado, baba. Kwanza nipe kiti."

Daktari alicheka bila kutaka, akampa cha kwake.

"Ni kweli ulisema huitaki kazi hii?"

"Nilisema. Na nikiulizwa nitasema tena. Mama, mimi nilisomea kumtoa mtu kwenye ugonjwa. Huyu nimemtibu mara mbili ili awe na afya ya kuuawa. Mara ya pili aliniambia, 'Asante, daktari.' Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo nikatapika."

"Ndipo ukampa kitu cha kumharisha."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Kwa sababu sikuwaza. Ningewaza, sijui ningefanya nini."

Bi Taratibu alilitia jibu hilo akilini. Katika kazi yake alishakutana na waongo wa kila aina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwachia mlango wazi namna ile.

"Tumbo linaanza saa gani?"

"Katikati ya asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana."

"Anatapika? Ana homa?"

"Hata kidogo. Tumbo tu. Nikimkatia chakula cha asubuhi nikamwachia maji, anapona. Nikimrudishia, linaanza upya. Si sumu, mama. Mwenye sumu angeshammaliza zamani. Huyu anayefanya hivi anapima. Anamtaka awe mgonjwa, lakini hataki afe."

"Kabatini una dawa ya kumfanya mtu aharishe?"

"Ya maumivu ya kichwa yenyewe sina. Ndiyo niwe na ya kuharisha?"

Bi Taratibu alisimama, akapekua kabati chupa moja baada ya nyingine, akanusa, akarudisha kila kitu mahali pake. Daktari alisema kweli. Kabati lile halikuwa na cha kumharisha hata kuku.

*

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Mikono yenyewe ilikuwa na alama za cheche mpaka viwikoni. Bi Taratibu alikuwa amesoma faili lake. Yeye na rafiki yake walifanya kazi karakana moja. Wakakosana, maneno yakawa makali, Fundi akatoka nje, akarudi na nondo. Pigo moja tu la kichwa. Kisha yeye mwenyewe akambeba mwenzake mgongoni kumpeleka hospitali, akafika na maiti. Mahakamani hakukana.

"Unakula sabuni?" Bi Taratibu alimuuliza.

Fundi alicheka mpaka akashika tumbo. "Afande, sabuni ya kuogea tunagawana kwa kuikata na uzi. Ya kula nitaitoa wapi?"

"Wafungwa wengi wamewahi kula ili wapelekwe kwa daktari."

"Wanaotaka kusogeza siku. Mimi hii siku imeshanichosha. Mara ya kwanza niliagana na dada yangu, tukalia sana. Mara ya pili tukaagana tena. Juzi amekuja, ananiangalia kama mtu aliye stendi anasubiri basi lililoharibika. Anayenifanyia hivi, ukimpata, mwambie nimechoka kuaga."

"Kwa hiyo hutaki kuishi."

Fundi aliinua macho. "Nani kasema sitaki? Nimesema sitaki kufa kila mwezi."

Nje ya mlango askari wa zamu aliacha kuchezea funguo zake. Bi Taratibu alingoja mpaka funguo zikaanza tena kulia.

"Asubuhi unapewa nini?"

"Yai, mkate na maziwa. Yai wanalichemsha mpaka linakuwa gumu kama jiwe la mtoni, lakini maziwa ni mazuri. Matamu."

"Matamu ya ng'ombe, au matamu ya sukari?"

"Ya sukari, afande. Sukari ya kutosha. Nilidhani ni huruma ya watu wa jikoni."

Mara ya kwanza tangu afike, Bi Taratibu aliandika. Aliandika neno moja, akafunga kalamu.

*

"Sukari?" Mpishi alipaza sauti, mwiko mkononi kama anataka kuupigia mtu. "Hebu nionyeshe hiyo sukari nami niione! Hapa tangu malori yasimame hatujaiona. Mkuu mwenyewe anakunywa chai chungu, anakunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa."

"Chakula cha Fundi unakionja?"

"Kila kitu. Ni amri. Yai lake, naonja. Mkate wake, naonja. Nikifa mimi ndipo wajue ni kibaya."

"Na maziwa?"

"Maziwa siyagusi."

"Kwa nini?"

Mpishi aliweka mwiko chini. Hasira ilimtoka, ikaja aibu. "Zamani yalikuwa yanapita hapa. Lakini askari walikuwa wanayanywa njiani, mfungwa anafikiwa na kikombe cha povu, uzito hauongezeki. Mkuu akakasirika. Akaamuru mtu wa kunyongwa awe na kidumu chake peke yake, kimefungwa kitambaa chekundu, kila mtu ajue hicho si cha kuguswa. Mama Maziwa anakijaza hukohuko kwake, anakifunga. Kikifika kinakwenda moja kwa moja selo."

"Na wagonjwa wa wodini wanakunywa maziwa ya nani?"

"Ya huyohuyo Mama Maziwa. Lakini yao ni ya pipa kubwa. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Hicho kidumu chekundu Mama Maziwa anapewa lini?"

"Karatasi ikishasomwa. Tunampa siku hiyohiyo, ili keshoye asubuhi ndiyo kianze."

Bi Taratibu alikaa juu ya gunia la maharage. Kwa kumkwepa mwizi wa maziwa, watu hawa wakamwekea alama kila aliyetaka kujua. Kwa kitambaa kile walikuwa wanamtangazia mtu wa nje kwamba kamba imeshapata tarehe, na wakamwonyesha na kidumu cha kutilia.

"Anayekichukua getini ni nani?"

"Tangi," alisema Mpishi. "Na ukimwona utajua kwa nini anaitwa hivyo."

*

Alijulikana tangu mlangoni. Vifungo vya sare yake vilikuwa vinafanya kazi ya ziada, na jasho lilimtangulia kabla hajaulizwa lolote.

"Tumbo lako halijambo?" Bi Taratibu alianza.

"Halijambo, afande."

"Naliona. Na siku zile ulizoomba ruhusa ya ugonjwa, lilikuwaje?"

"Ilikuwa malaria, afande."

"Malaria ya chooni?"

Askari mwingine aliyesimama karibu alijifanya anakohoa. Tangi alitazama dari, akatazama viatu vyake, akakosa pengine pa kutazama.

"Nilionja tu, afande."

"Mara ya kwanza?"

"Nilionja."

"Na ya pili?"

"Nilionja kidogo."

"Ukaharisha mara zote mbili, na bado hukushtuka?"

"Nilishtuka, afande! Nilidhani ni dhambi ya kula mali ya marehemu."

"Marehemu hajafa."

"Ndiyo hapo nilipochanganyikiwa."

Yule wa kukohoa alishindwa, akatoka nje acheke vizuri. Bi Taratibu hakucheka, ila alimvutia Tangi kiti, na kiti kikalia.

"Sikufungi kwa maziwa. Nieleze huyo Mama Maziwa ni mtu wa namna gani."

"Mpole, afande. Hana makuu. Akiniletea kile kidumu ananiuliza, 'Mgonjwa wangu anaendeleaje?' Mimi namwambia bado yupo. Anasema, 'Mungu ashukuriwe,' anageuza mkokoteni wake anaondoka."

"Anasema mgonjwa wangu?"

"Neno kwa neno."

"Umemwambia wewe kwamba anaumwa?"

Tangi alianza kukumbuka. Tone la jasho lilimshuka puani. "Hapana, afande. Alianza kuuliza hivyo asubuhi ileile ya kwanza. Wakati huo Fundi alikuwa mzima kabisa."

*

Nyumba ya Mama Maziwa ilikuwa ya vyumba viwili, uani kuna banda la ng'ombe wawili na madumu yaliyooshwa yamepinduliwa juani yakauke. Kidumu chenye kitambaa chekundu kilikuwa peke yake, juu ya kigoda.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu, karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia ndani, jua hili halina adabu."

Alikuwa bibi mwembamba, mikono mikavu ya mtu anayekamua tangu utoto. Bi Taratibu aliingia, akaketi, akainua macho. Ukutani palikuwa na picha ya kijana aliyepandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, anacheka. Picha hiyohiyo alikuwa ameiona asubuhi, ndani ya faili, imegongwa mhuri, na chini yake limeandikwa neno: aliyeuawa.

"Nikumiminie maziwa?" bibi aliuliza.

"Ya kidumu kipi, mama?"

Kikombe kilibaki hewani. Kisha Mama Maziwa akakiweka chini polepole, akaketi mkekani, miguu imenyooshwa, kama mtu aliyefika safari.

"Nilijua atakuja mtu," alisema. "Nilidhani atakuwa mwanamume, na atapiga kelele."

"Ulimtilia nini?"

"Sanamaki. Ile tuliyonyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Nachemsha majani kidogo kwenye maziwa, nachuja, natia sukari ya kufunika uchungu. Mwenyewe nilikunywa kwanza nione kiasi. Nilishinda chooni siku nzima, lakini sikufa."

"Mtu huyo alimuua mwanao."

"Alimuua."

"Ungemtilia sumu, watu wangekuelewa."

"Wangenielewa sana. Wangenibeba na mabegani." Alicheka bila furaha. "Hiki ninachofanya ndicho hawakielewi."

Ng'ombe mmoja uani alilia, mwenzake akamjibu.

"Usidhani nimemsamehe," Mama Maziwa alisema. "Kuna asubuhi namchukia mpaka mwiko unagonga sufuria. Siku ya hukumu nilisimama nikaomba kusema. Wakaniambia, 'Mama, kaa, kesi hii si yako, ni ya serikali.' Mimi ndiye niliyezaa, kifo kikawa cha serikali. Walipomaliza wakanipa mkono, wakaniambia nimepata haki yangu. Nikarudi nayo nyumbani haki hiyo, nikakosa pa kuiweka. Haili na mimi, haiitiki nikiita."

"Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba wasimnyonge. Yeye ndiye aliyembeba mwanangu mgongoni. Watu waliokuwa njiani walisema walimsikia mwanangu akiongea, njia nzima anaongea. Aliongea nini? Anayejua ni mmoja tu duniani, na huyo wanataka kumnyamazisha. Nikaenda gerezani kuomba kumwona. Wakasema ndugu wa aliyeuawa haruhusiwi, ni kwa usalama wa mfungwa. Usalama! Wanamlinda nisimguse, ili wamnyonge vizuri." Alipangusa mdomo kwa mkono. "Zabuni ya maziwa ilipotangazwa nikaiomba. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mama wa nani. Walichouliza ni kama maziwa yana maji."

"Nimezungumza naye leo," alisema Bi Taratibu.

Bibi aligeuka mzima mzima. "Yukoje?"

"Anasema amechoka kuaga. Kila mara anajiandaa kufa, anaagana na dada yake, halafu hafi."

Mama Maziwa aliweka mkono mdomoni.

"Hilo sikuliwaza," alisema mwishowe. "Kumbe na mimi namnyonga."

Bi Taratibu alifungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu, akazipanga gotini. Jina alishalipata, angeweza kuondoka. Mkuu alikuwa ameomba jina tu.

"Mama, sikiliza. Umetenda kosa, na mimi sitalificha. Lakini nitaandika maelezo yako, na maelezo ya mtuhumiwa ni mali yake. Hakuna wa kukata neno, si mimi wala Mkuu. Na kwa kuwa kosa lako limesimamisha karatasi ya kunyonga, faili hili halitakaa kituoni. Litapanda mpaka kwenye meza ya mwenye kuitia saini karatasi hiyo, naye lazima alisome, hata kama ya Ijumaa ameshaitia saini. Kwa hiyo sema. Usiruke hata kidogo."

"Walininyamazisha nikiwa mama wa mtu," alisema Mama Maziwa.

"Watakusikiliza ukiwa mshitakiwa. Haya, anza."

*

"Hiki ni nini?" Mkuu aliuliza kesho yake, kurasa mkononi. "Nilikuomba jina. Umeniletea hadithi ya maisha ya mtu!"

"Jina lipo mwanzoni, Mkuu. Kinachofuata ni maelezo."

"Haya ya haki isiyojulikana pa kuwekwa, yaondoe. Na hili la kumlinda ili tumnyonge vizuri. Wakubwa watalisoma hili!"

"Ndiyo. Watalisoma."

"Afande!"

"Maelezo ya mtuhumiwa hayakatwi. Kanuni si yangu. Na daktari naye ameandika ukurasa wake, nimeuambatisha. Sahihi yako ni pale chini, kwamba umepokea."

Mkuu alishika kalamu kama imechomwa moto. Alitia sahihi. Bi Taratibu aliaga, akatembea mpaka getini kwa mwendo wake uleule, lakini usiku ule, kwa maelezo ya mume wake, aliamka mara nyingi kuangalia kama simu ina chaji.

Siku zilizofuata Fundi alipewa maziwa ya pipa kubwa pamoja na wagonjwa wa wodini. Tumbo lilitulia. Uzito ukapanda. Kila mara daktari alipomtoa kwenye mzani, alikuwa anaandika uzito kwa mkono mzito, kwa sababu sasa hapakuwa na ugonjwa wa kusimama katikati. Alhamisi mchana wakafungua chumba cha kunyongea, mwisho wa korido, wakakifagia. Fundi alisikia ufagio. Safari hii alikataa dada yake asiitwe.

Simu ililia ofisini kwa Mkuu jua likiwa bado kali. Bi Taratibu alikuwa amekuja na alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, bila sababu yoyote aliyoweza kumweleza askari wa getini. Aliona mlango ukifunguliwa. Mkuu alisimama kizingitini, kofia mkononi, kola imefunguliwa.

"Wameibadilisha," alisema. "Kifungo cha maisha."

Daktari, aliyekuwa anapita na koti lake begani, aliegemea ukuta, akateleza nao mpaka akakaa chini, miguu mirefu imetapakaa koridoni. Tangi alisema, "Ee Mungu wangu," akaanza kulia waziwazi, huku vifungo vikimsaliti. Na Mkuu mwenyewe, mtu wa kamba na mzani, alipumua pumzi iliyoonekana kuwa ilikaa kifuani tangu alipopewa cheo.

"Nimewahi kusimamia wanne," alisema, haikujulikana anamwambia nani. "Kama kuzima taa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namwambia mke wangu." Akavaa kofia, akaivua tena. "Tangi! Acha kulia, nenda ukafunge kile chumba. Na funguo uniletee mimi."

"Na Mama Maziwa?" aliuliza Bi Taratibu.

"Kifungo cha nje. Na zabuni ameipoteza." Mkuu alisita. "Imeandikwa pia kwamba akitaka kumwona mfungwa, aruhusiwe. Sijawahi kuona amri kama hiyo."

*

Chumba cha wageni kilikuwa na meza ndefu iliyogawanywa katikati kwa wavu wa chuma. Mama Maziwa aliketi upande mmoja, kichwa amefunga kitambaa safi. Bi Taratibu alisimama nyuma yake kama amri ilivyotaka. Fundi alipoingizwa, akamwona aliyeketi pale, alirudi nyuma, akajikwaa. Askari alimdaka kwapani.

"Kaa, kaa," bibi alimwambia. "Ukianguka watasema nimekufanyia kitu tena. Mimi ndiye niliyekuharisha."

Fundi alimtazama, machozi na kicheko vikamgongana usoni. "Wewe, mama?"

"Mimi. Na nimeambiwa nilikutesa. Hilo tu ndilo ninalokuomba radhi. Hayo mengine yako, si yangu." Alisogeza uso karibu na wavu. "Sasa niambie. Njia nzima alikuwa anaongea. Alisema nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. Bi Taratibu aliona vidole vyake vya cheche vikishika ukingo wa meza.

"Mahakamani waliniuliza kwa nini nilizunguka," alianza. "Njia fupi ya hospitali inapita mlangoni kwako, mama. Mimi nilipita nyuma, njia ndefu, ya reli. Wakasema nilizunguka kusudi, ili afie njiani. Nikanyamaza. Sikutaka ulisikie pale, mbele ya watu wote."

"Nisikie nini?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nizunguke. Nilikuwa nakuja kwako, nilishaanza kupaza sauti nikuite. Akanishika sikio, hivi, akasema, 'Usipite nyumbani. Shati hili mama kalifua jana, akiona damu atapiga kelele mtaa mzima.' Nikamwambia tunachelewa. Akasema, 'Zunguka, bwana, tutamwambia nikishafungwa bandeji.' Tukazunguka. Alikuwa ananipigia hadithi zako, jinsi unavyogombana na ng'ombe kama watu. Alikuwa anacheka, mama. Kisha kichwa kikawa kizito begani kwangu."

Askari wa zamu alitazama pembeni. Bi Taratibu alitia mkono mkobani kutafuta kitambaa, akakuta kalamu tu.

Mama Maziwa alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa wavu. Mabega yalitikisika. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umelowa wote, lakini ulikuwa umefunguka, kama chumba kilichofunguliwa madirisha baada ya ugonjwa mrefu.

"Mjinga yule," alisema. "Mjinga kabisa. Shati si ningelifua tena?"

Akajipangusa kwa ncha ya kitambaa chake, akavuta kiti karibu zaidi na wavu mpaka miguu yake ikagonga ubao wa meza.

"Haya. Anza upya, tangu mlangoni pa karakana. Na usikimbize maneno. Siku hizi una muda."